Mstari unaanzia wapi? Shajara ya mradi wa grafu, Mikindani

Mradi wenyewe

Mtaani kwetu Mikindani kuna watoto wa Kidato cha Pili wanaokuja barazani jioni kujisomea. Mtihani wao wa upimaji uko mbele, na mada inayowakaba ni grafu za mistari iliyonyooka. Kanuni wanazijua. Ukiwapa nukta mbili wanakokotoa mteremko, yaani mstari unapanda au kushuka kiasi gani kila hatua, kabla hujamaliza kuchonga penseli. Ukiwauliza hiyo 3 waliyoipata ni 3 ya nini, kimya. Darasani wanasoma kwa Kiingereza na sehemu ya ukimya inatoka huko, lakini siyo yote, maana nikiuliza kwa Kiswahili ukimya ni uleule.

Mpango ni kutengeneza ubao mkubwa wa grafu, kisha kutafuta mistari ya kuuweka: vitu vya mtaani vinavyopimika kwa mzani, rula au saa. Kila mstari lazima ujibu maswali mawili. Unaanzia wapi? Unapanda au kushuka kwa kiasi gani kila hatua?

Dau langu ni kwamba mteremko siyo tatizo. Mtoto aliyekulia Mtwara anaijua bei ya kilo ya korosho kabla hajajua kusoma, na bei ya kilo moja ni mteremko tayari. Kinachowapotea ni mkato, yaani ile thamani ya y pale mstari unapokata mhimili wa wima. Nimepitia madaftari yao: kila mstari unalazimishwa upite kwenye sifuri, hata nukta zikikataa waziwazi. Mwingine anazisogeza nukta kwa kifutio ili mstari upite anakotaka yeye.

Ubao

Nusu plaiwudi, pande nne sawa, imepigwa rangi nyeusi. Misumari ya inchi moja kila sentimita 10. Badala ya kamba tumekata vipande vyembamba vya tyubu ya baiskeli: ukikivuta kati ya misumari miwili kinanyooka chenyewe, na ukikihamisha hakiachi alama.

Fundi alitaka sifuri iwe kwenye kona ya chini kushoto, kama picha za kwenye vitabu. Nikamwomba aache safu tatu chini ya sifuri na safu mbili kushoto kwake. Akaniangalia kama mtu anayeharibu mbao. Hizo safu ndizo zitakazobeba madeni na namba hasi nyingine, na nina hakika tutazihitaji.

Binti mmoja akauliza nani alianza mambo haya ya kuipa nukta namba mbili. Nikawatajia René Descartes, Mfaransa, 1637, na Mfaransa mwenzake Pierre de Fermat aliyekuwa na wazo hilohilo miaka hiyohiyo. Wakamwandika Descartes kwa chaki pembeni ya ubao. Kufika kesho yake mtoto wa jirani alikuwa ameshamfuta na kuchora samaki.

Jumamosi: dumu la maji

Hili ndilo zoezi ningelipendekeza kwa mtu yeyote mwenye mzani karibu. Tulichukua dumu la lita 20, kopo la lita moja, na mzani wa dijitali wa jirani mwenye duka la nafaka. Sharti lilikuwa moja: hakuna kulipima dumu likiwa tupu. Maji yanaingia kwanza, ndipo tunapima.

Lita 5, kilo 6.0. Lita 10, kilo 11.1. Lita 15, kilo 16.1. Lita 20, kilo 21.0.

Wakagawanyika makundi mawili, kila kundi na karatasi yake ya grafu. Lita kwenye mhimili wa mlalo, kilo kwenye wa wima. Kuchora mstari hatukutumia rula kwanza. Tulitumia uzi mweusi wa cherehani ulionyoshwa na watu wawili juu ya nukta. Uzi una faida yake: rula inafunika nusu ya nukta, uzi unaziacha zote zionekane, na unaweza kuusogeza kidogokidogo mpaka nukta za juu yake na za chini yake zilingane. Hapo ndipo unaweka alama na kupiga mstari.

Mteremko walipata wote, 1, bila ubishi. Kila lita ya maji inaongeza kilo moja. Halafu nikauliza: dumu tupu lina uzito gani?

Kundi la kwanza liliufuata uzi hadi kwenye mhimili wa wima na kusema kilo moja na ushei. Kundi la pili likasema kilo sita.

Mwenye duka alikuwa anasikiliza. "Kilo sita? Hilo dumu mmelitoa kwenye meli?"

Kuangalia karatasi ya kundi la pili, kila kitu kilikuwa safi. Nukta zipo mahali pake, mstari umenyooka. Ila mhimili wao wa mlalo ulianzia 5, kwa sababu kipimo cha kwanza kilikuwa lita 5 na hawakuona haja ya kupoteza nafasi. Mstari ulipofika ukingo wa kushoto wa mchoro wakasoma namba iliyokuwepo pale, 6, wakaiita mkato. Kumbe pale x haikuwa sifuri, ilikuwa 5. Walichosoma ni uzito wa dumu lenye lita 5, jibu ambalo tayari lilikuwa kwenye jedwali lao.

Sikuwasahihisha kwa kalamu. Tuligundisha karatasi nyingine upande wa kushoto, tukahesabu nyuma, 4, 3, 2, 1, 0, tukaunyosha uzi upya. Ukapita kwenye karatasi mpya ukishuka kilo moja kila lita, ukafika kwenye sifuri juu kidogo ya 1. Ndipo tukalipima dumu tupu: 1.1.

Mmoja wa kundi la pili akasema, "Kwa hiyo mhimili wa wima siyo ukingo wa karatasi." Nikamwambia aiandike kwa herufi kubwa kwenye daftari lake. Mitihani ya fizikia ya Kidato cha Nne ina watu wanaoangukia hapohapo, tena watu wazuri.

Baadaye wakaanza kujiongeza. Maji ya bahari je? Bahari iko hatua chache tu, wakaenda na dumu. Lita 20 za maji ya chumvi: kilo 21.6. Ukiondoa dumu unabaki na 20.5, yaani kila lita ina kilo 1.025 hivi. Mkato uleule, mteremko mkubwa kidogo. Kwenye karatasi mistari miwili inaanza pamoja na kuachana taratibu sana, mpaka lita 20 ndipo unaona uwazi kati yao. Mwenye duka naye akaleta mafuta ya kula, akakubali tupime lita 5 na lita 10 tu, kilo 5.7 na 10.3. Mteremko 0.92. Hilo yeye analijua siku nyingi: anayenunua mafuta kwa kilo na kuyauza kwa lita, au kinyume chake, lazima aijue hiyo 0.92 vinginevyo biashara inamla.

Mwisho tulitafuta dumu jingine, lile zito la zamani lenye plastiki nene, tukalijaza maji yaleyale. Mistari ikawa sambamba. Mteremko mmoja, mikato miwili. Kwa kawaida hilo huwa ninaliandika ubaoni kama kanuni, mistari sambamba ina miteremko sawa, na wanakariri. Leo hakuna aliyekariri.

Jumatatu: kijiwe cha bodaboda

Vijana watatu walitumwa kijiweni na daftari.

"Kaka, mambo. Kwenda kilometa moja ni bei gani?"

"Mnaenda wapi?"

"Hatuendi. Tunauliza bei tu."

"Bei bila abiria ni maneno."

Lakini akawapa. Kilometa moja 1,000. Mbili 1,500. Nne 2,500. Walipozichora, nukta zikakaa kwenye mstari mmoja kabisa: mteremko shilingi 500 kwa kilometa, mkato 500. Mlinganyo, y = 500x + 500.

Wakarudi kijiweni kumuuliza kama asiyekwenda popote analipa mia tano. "Asiyekwenda popote ashuke kwenye pikipiki yangu." Kisha akaeleza kwa umakini zaidi: hakuna nauli ya mia tano, chini ya buku hawashi pikipiki. Lakini ndani ya kila nauli kuna hela ya kumfuata abiria alipo na kusubiri, na hiyo haitegemei umbali anaokwenda.

Kwa hiyo mkato upo na una maana, ila hakuna abiria anayeulipa peke yake. Mstari unaanza kufanya kazi kwenye kilometa moja. Na juu pia una kikomo: kwenda Mtwara mjini, kilometa 11 hivi, mstari unasema 6,000, jamaa anasema 5,000 na maongezi yapo. Tukakubaliana kwamba chini ya kila grafu tutaandika inatumika kuanzia wapi hadi wapi. Wengine waliona ni usumbufu. Mimi naona grafu isiyo na mipaka yake ni ahadi ambayo hakuna aliyeitoa.

Jumatano na Alhamisi: gunia

Nilitarajia hili lichukue jioni moja, likala mbili.

Binti mmoja wazazi wake wanalima korosho Nanyamba. Ndiye aliyelileta, nami nikaacha mengine yote. Alisema: kwenye chama cha ushirika, korosho ikipimwa ikiwa ndani ya gunia, wanakata kilo moja ya gunia. Je, hiyo kilo moja ni mkato au mteremko?

Mwenzake akajibu haraka, "Mkato. Ni kama dumu tupu." Na ni kweli. Weka x iwe kilo za korosho tupu, y iwe namba inayosomwa kwenye mzani. Gunia likiwa na kilo 80 za korosho, mzani unasoma 81. Likiwa na kilo 50, unasoma 51. y = x + 1. Mteremko 1, mkato 1, mkato ndio gunia.

Binti hakuridhika. "Lakini baba akipeleka magunia matano wanakata kilo tano. Akipeleka kumi, kumi. Sasa mbona inapanda?"

Nilinyamaza makusudi. Wakabishana mpaka adhana ya magharibi, wakarudi kesho yake na ubishi uleule, wa kwanza anasisitiza kwamba kitu hakiwezi kuwa vyote viwili.

Kilichowatoa ni ubao. Tukachora grafu mbili kwa mipira miwili ya tyubu. Ya kwanza ni ya gunia moja: mlalo ni kilo za korosho zilizomo, wima ni mzani unavyosoma. Kilo ya gunia iko pale kwenye mhimili wa wima, haisogei, uongeze korosho uzipunguze. Ya pili ni ya mkulima na shehena yake: mlalo ni idadi ya magunia, wima ni jumla ya kilo zinazokatwa. Hapa asiyepeleka gunia hakatwi kitu, mstari unapita kwenye sifuri, na kila gunia linaongeza kilo moja. Kilo ileile sasa imekuwa mteremko.

Kwa hiyo swali "hii ni mkato au mteremko?" halina jibu mpaka useme kwenye mhimili wa mlalo umeweka nini. Kisichobadilika unapokwenda kulia ni mkato. Kinachojirudia kila hatua unapokwenda kulia ni mteremko. Badilisha mhimili na vinaweza kubadilishana nafasi. Sijawahi kuona kitabu cha shule kinachosema hivyo moja kwa moja, na mtoto wa Nanyamba amelifikia kwa sababu ya kilo za baba yake.

Alhamisi tukaingia kwenye hela. Wote wanajua kwamba bei inatoka mnadani na inabadilika mnada hadi mnada, hivyo nikataka bei moja isiyobishaniwa. Tulichukua 3,300 kwa kilo, ile ambayo serikali ilitangaza mwaka 2018 kwamba itanunua korosho yenyewe. Wao walikuwa wadogo, majumbani mwao inakumbukwa. y = 3,300x, mstari unaopita kwenye sifuri, hamna kilo hamna hela.

Sasa makato. Tukaweka ya kubuni, 300 kwa kila kilo. Hapo kinachoguswa ni mteremko: 3,000 badala ya 3,300. Mstari bado unaanzia sifuri ila umelala kidogo. Halafu tukambunia mkulima wetu deni la dukani la 120,000, la unga na sare za shule, ambalo lazima lilipwe kwanza. Deni halijali una kilo ngapi. Hilo linashusha mstari wote chini bila kuupinda: y = 3,000x − 120,000.

Safu tatu za chini ya sifuri zikapata kazi. Mpira ulianzia chini huko, ukapanda, ukakata mhimili wa mlalo. Nikauliza hapo ulipokata ni wapi na pana maana gani. Wakaweka y kuwa sifuri: 3,000x = 120,000, x = 40. Kilo 40.

"Nusu gunia," akasema yule binti. "Nusu gunia la kwanza siyo lake."

Ndiyo. Mkato wa mlalo ni zile kilo ambazo mkulima anazipeleka na kurudi mikono mitupu. Mtu akikwambia kwamba punguza makato ya kila kilo au punguza deni, ni yapi yatamfaa zaidi, jibu linategemea ana magunia mangapi. Tukahesabu: kuondoa makato yote ya 300 kunamwongezea mwenye kilo 100 shilingi 30,000, kufuta deni kunamwongezea 120,000. Mwenye kilo 1,000 ni kinyume, 300,000 dhidi ya 120,000. Wanalingana kwenye kilo 400, magunia matano. Chini ya hapo mkato ndio unaouma, juu ya hapo mteremko. Hili la kilo 400 walilitafuta wenyewe kwa kukutanisha mistari miwili ubaoni, ambayo ni mada inayofuata kwenye muhtasari wao na sikuwa nimeigusa.

Jumamosi: mshumaa na ndoo

Mistari yote mpaka hapo ilikuwa inapanda. Mshumaa ulikuwa wa haraka: sentimita 18 mwanzo, kisha kila nusu saa 16.6, 15.2, 13.8. Mteremko ni hasi, sentimita 2.8 kwa saa. Mkato wa wima ni urefu kabla ya kuwasha, mkato wa mlalo ni wakati utakapoisha, kama saa sita na nusu baada ya kuwashwa. Hakuna aliyekesha kuuthibitisha. Tahadhari moja kwa atakayejaribu: kinga upepo. Uliowekwa dirishani ulichuruzika upande mmoja na nukta zake zikaharibika vibaya.

Ndoo ndiyo ilinifurahisha. Nilitaka wakutane na kitu ambacho siyo mstari ulionyooka, ili wasidhani dunia nzima imepigwa rula. Ndoo ya rangi yenye kuta zilizosimama wima, tundu la msumari karibu na kitako, rula imebandikwa ndani. Maji yakatoka, wakasoma kimo kila dakika tatu: 24, 17, 11.5, 7, 3.5.

Kundi moja likanyosha uzi na kujaribu kuulazimisha. Haukukaa: nukta za katikati zote zilianguka chini yake. Wakajaribu tofauti badala ya uzi. 24 kwenda 17 ni 7. Inayofuata ni 5.5, kisha 4.5, kisha 3.5. Kila hatua maji yanashuka kidogo kuliko hatua iliyopita. Kwa nini? Kijana mmoja, baba yake ana tangi la maji juu ya nyumba, akasema tangi likiwa limejaa bomba linapiga kwa nguvu, likikaribia kuisha linadondoka tu. Maji ya juu ndiyo yanayoyasukuma ya chini. Kimo kikipungua, msukumo unapungua.

Hapo nikawapa zawadi. Nikawaambia watafute kipeuo cha pili cha kila kimo: 4.9, 4.1, 3.4, 2.6, 1.9. Wakachora upya, kipeuo cha pili kwenye wima, dakika kwenye mlalo. Uzi ukalala juu ya nukta zote. Kisa chake kilielezwa na Mtaliano Evangelista Torricelli katika karne ya 17: kasi ya maji yanayotoka inafuata kipeuo cha pili cha kimo chake, na kwa ndoo yenye kuta zilizosimama hicho kipeuo kinapungua kwa kiasi kilekile kila dakika. Mteremko wetu ulikuwa −0.25 kwa dakika. Gawanya 4.9 kwa 0.25, ndoo itakauka dakika ya 20 kasoro. Walisimama na simu mkononi wakihesabu. Ilipofika dakika ya 19 maji yalikuwa yanachuruzika ubavuni mwa ndoo badala ya kuruka, na ubishi kuhusu lini hasa yameisha sikuuingilia.

Jumapili

Siku fupi. Mmoja wao alisafiri kwenda Newala kwa msiba, akarudi na swali: mbona vitabu vinachora mlima kama ukuta, na gari halikuonekana kupanda kitu mpaka walipofika?

Jibu liko kwenye skeli ya mihimili. Nyanda za Makonde zinainuka polepole kutoka pwani kwenda magharibi, kisha zinakatika ghafla Newala. Ukisimama Shimo la Mungu, kwenye genge la pale Newala, bonde la mto Ruvuma liko chini yako. Tukakadiria upande wa kupanda: mita 700 kwa kilometa 140. Mmoja akaandika mteremko ni 5, mwingine 0.005. Wote wako sahihi, wa kwanza ni mita 5 kwa kila kilometa, wa pili ni mita kwa mita. Ndiyo maana nang'ang'ania waandike vipimo pembeni ya namba. Na ukichora mita kwenye wima na kilometa kwenye mlalo, kipande kilekile kinasimama kama ukuta wa ngome. Tulichora mara mbili kwa skeli mbili: macho yaliona milima miwili, hesabu ikatoa mteremko uleule.

Jumanne: mistari isiyo na kisa

Jioni hii niligeuza mchezo. Wao ndio watunge. Natoa nukta mbili, kila mmoja anatafuta mlinganyo, halafu anaandika kisa ambacho mstari huo unakifaa, pamoja na vipimo na mipaka yake.

Nukta (2, 11) na (5, 20). Mteremko 3, mkato 5. Visa: mti uliopandwa ukiwa na sentimita 5 unaoongezeka 3 kwa wiki, kibubu kilichoanza na buku tano, kinaingia buku tatu kila siku, kikapu cha kilo 5 kinachotiwa samaki wa kilo tatutatu. Nikamuuliza wa kikapu ni kikapu gani hicho cha kilo tano. Akakibadilisha kuwa kreti lenye barafu.

Nukta (0, 8) na (6, 8). Mstari umelala, mteremko sifuri. Hapa nilidhani watakwama. Mmoja wa wale waliotumwa kijiweni akaandika: "Kifurushi cha intaneti cha mwezi. Utumie, usitumie, umeshalipa."

Kisha nikawapa (4, 1) na (4, 9). Kanuni ikawapa 8 kugawanya kwa 0, kalamu zikasimama. Mmoja akaandika mteremko ni sifuri, jirani yake akamwonyesha kifurushi: sifuri ni ule uliolala, huu umesimama. Wakakubaliana hauna mteremko kabisa, na mhimili wa wima haukatiki popote. Nikasema bado nadai kisa. Kwenye mlalo wekeni saa, kwenye wima umbali kutoka nyumbani.

Wakaisoma kwa sauti: saa nne kamili yuko kilometa moja, saa nne kamilikamili yuko kilometa ya tano, na ya tisa, na zote za katikati.

"Mwalimu, huyo siyo bodaboda," akasema binti wa Nanyamba. "Huyo ni jini."

Nimempa alama zote.